Mvua ya Mkono wa Kushoto

Katalogi ya mnada ilifika kwa posta siku ya Jumanne, na Wivine Moerman aliifungua akiwa bado mlangoni, koti hajavua. Alikuwa na miaka sabini na sita na jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kufanya ukungu, kwa hiyo aliisogeza karibu na pua. Kipande namba kumi na tisa: Rombaut Delvigne, Zulma na Lango la Saba, ukurasa wa 38, wino mweusi kwenye karatasi nene, mwaka 1978. Makadirio ya bei, euro elfu tisini hadi laki moja na elfu ishirini.

Chini ya picha, mthamini alikuwa amemwaga sifa nusu ukurasa. Aliuita ukurasa ule kilele cha kazi ya Delvigne. Alisifu mafuriko, alisifu mikono ya Zulma iliyokaza usukani wa tishari, lakini zaidi ya yote alisifu mvua, ile mistari elfu na ushei iliyoegemea upande mmoja, na akaipa jina: mvua ya mkono wa kushoto. "Hakuna mkono mwingine duniani," aliandika, "ungeweza kuinyesha."

Wivine akaketi kwenye kigoda cha kuvalia viatu. Mvua ile aliinyesha yeye.

Hapo Ubelgiji hakuna mtoto wa umri fulani asiyemjua Zulma, yule nahodha mnene wa mifereji mwenye ulimi wa wembe, aliyetoka kila Alhamisi katika katuni ya gazeti la watoto kwa miaka ishirini na tano. Na wote wanajua kwamba Zulma ni wa Delvigne. Wasichojua ni kwamba studio yake mtaani Schaerbeek ilikuwa na meza tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bosi mwenyewe. Ya pili ilikuwa ya Odon Pirlot, aliyeandika maneno ya wahusika kwenye viputo vya mazungumzo. Ya tatu, ile iliyokaa karibu na choo, ilikuwa ya Wivine, na kazi yake ilikuwa kupaka rangi. Siku zile wino ulikuwa wa wanaume na rangi ilikuwa ya wanawake, na mwanamke angeweza kufika miaka hamsini na mvi zake akaendelea kuitwa msichana wa rangi.

Kazi yake nyingine ilikuwa kufuta. Wino ukishakauka, anachukua raba laini na kuifuta penseli yote iliyobaki chini yake, kisha anapangusa vumbi la raba kwa unyoya wa bata bukini, mpaka karatasi ing'ae. Alifuta vizuri mno. Na kwa kuwa Delvigne alikuwa mvivu wa vitu vidogo, alianza kumwachia pembe za kurasa: leo kamba, kesho maji, mwaka uliofuata mikono ya Zulma. Wivine alichora kwa penseli, akapitisha wino, kisha akaifuta penseli yake mwenyewe. Kwa hiyo kama kulikuwa na ushahidi wowote wa kazi yake, aliupangusa yeye mwenyewe kwa unyoya akautupa kwenye ndoo ya taka, tena kwa fahari ya kazi. Ukiulizwa ni nani mjinga katika hadithi hii, usihangaike kutafuta mbali.

Delvigne alikuwa mashoto. Mistari ya mashoto inaanzia juu kushoto na kuteremka chini kulia, na ya mtu wa mkono wa kulia inalala kinyume chake. Ukichanganya hiyo miwili katika picha moja, hata mtoto ataona kuna kasoro bila kujua ni ipi. Wivine, wa mkono wa kulia, akajifunza hila: alilaza karatasi ubavu, akachora kama kawaida yake, na karatasi ilipoinuliwa tena mistari yote ilikuwa imeegemea upande wa bosi. Hakuna aliyemfundisha. Ilimchukua miezi minne.

Novemba 1978 Delvigne alikwenda mji wa Spa kuoga maji ya dawa, kwa sababu mkono wake ulikuwa unatetemeka. Alisema ni uchovu. Studio nzima ilijua ni chupa. Aliondoka Jumatatu, na ukurasa wa 38 mezani haukuwa na kitu ila miraba minne mitupu. Tarishi wa gazeti alikuwa anakuja Alhamisi saa tatu asubuhi. Wivine alichora siku tatu. Odon aliandika viputo, akanyamaza. Na Alhamisi, tarishi akiwa tayari anapiga kengele, Wivine aliona pembe ya chini iko wazi, akatia sahihi: Delvigne, na ule mkia mrefu wa herufi g unaopinda na kurudi chini ya jina zima. Baada ya hapo aliitia mara nyingi, maana bosi alizidi kutetemeka. Hilo la sahihi hakumwambia mtu maisha yake yote. Kuchora kwa niaba ya mtu ni kazi, lakini kuandika jina la mtu kuna neno lake mahakamani.

Delvigne aliporudi aliutazama ukurasa uliochapwa kwa muda mrefu. "Hiyo mikono umeipatia," alisema, akaweka sanduku la chokoleti mezani kwake. Kuhusu mvua hakusema neno. Sanduku lile Wivine bado analo, anawekea vifungo.

Kwa nini hakusema? Bosi alipokuwa hai, mambo ya studio yalibaki studio. Alipokufa, mwanawe alizifungia kurasa kwenye kabati la chuma na hakuna aliyemwuliza Wivine lolote. Angeweza kuishi hivyo hadi kaburini. Lakini kuambiwa hakuna mkono mwingine duniani, na mkono wenyewe huu hapa unashika katalogi, hilo lilimpandisha hasira. Tena jicho linakwenda. Alitaka kuliona jina lake chini ya ule ukurasa angali anaweza kulisoma.

Alhamisi, siku ya kutazama vitu kabla ya mnada, alipanda tramu hadi mtaa wa Sablon, kwenye nyumba ya mnada. Ghislain Houtart, mthamini, alimtambua mara moja. Alikuwa mtu mwembamba wa tai ya kipepeo, mwandishi wa kile kitabu kinene kuhusu Delvigne ambacho watu huweka sebuleni bila kukisoma.

"Bi Wivine, karibu. Sikujua kama bado unatokatoka."

"Miguu haijaambiwa kwamba imezeeka. Ghislain, huu ukurasa nimeuchora mimi."

Ghislain alitabasamu kwa upole ambao Wivine aliuchukia papo hapo. "Ulisaidia, najua. Wote mlisaidia."

"Kusaidia ni kumshikia mtu ngazi. Mimi nimechora. Wote, kuanzia juu hadi chini. Yeye alikuwa Spa, kwenye beseni."

"Sasa tazama mistari, mama. Juu kushoto, chini kulia. Wewe unachorea mkono upi?"

"Wa kulia."

"Si umeona mwenyewe."

"Nililaza karatasi ubavu." Alichukua katalogi, akailaza, akaonyesha kwa kidole hewani, akaiinua. Ghislain alifuata kidole kile kwa macho, kisha akatazama kando.

"Bi Wivine, kila aliyewahi kupita karibu na mtu mashuhuri huja kwangu na hadithi. Juzi alikuja aliyekuwa akisafisha madirisha ya Delvigne."

"Naye alichora?"

"Anasema alitoa mawazo."

"Basi mwache na mawazo yake. Mimi nina kitu. Pambizo la kulia, karibu na mraba wa tatu, kuna rangi nyeupe. Chini yake nilikuwa nikijaribia nibu ya kalamu. Mistari ilikuwa inachafua, nikaifunika ili ukurasa uwe nadhifu. Wakati wa kujaribu nibu hakuna mtu anayelaza karatasi, Ghislain. Unachora tu ulivyozaliwa."

Ghislain alitoa fremu ukutani, akaingia nayo chumba cha nyuma, na Wivine akamfuata bila kukaribishwa. Aliutoa ukurasa kwenye kioo, akaulaza juu ya meza yenye taa chini, akazima taa ya dari. Ile nyeupe ikawa kijivu, na ndani ya kijivu ikaonekana mistari, thelathini hivi, mifupi, imesimama safusafu. Yote ilianzia juu kulia na kuteremka chini kushoto, kinyume cha mvua.

Ghislain aliinama, akaihesabu mmoja mmoja.

"Umeona?" Wivine aliuliza.

"Nimeona."

"Pesa sizitaki. Mwanawe abaki nazo zote. Wewe andika tu: Delvigne na Moerman. Hata kwa herufi ndogo. Sijasema Moerman na Delvigne."

Ghislain aliwasha taa. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Wivine, Mungu amhurumie, aliuona ni uso wa mtu aliyeguswa na ukweli. "Katalogi imeshachapwa," alisema polepole. "Lakini siku ya mnada huwa tunasoma marekebisho kwa sauti, kabla ya kipande chenyewe. Niachie hadi Jumapili. Nitasoma."

"Utasoma?"

"Nitasoma, Bi Wivine. Nakuahidi, hayo majaribio hayatabaki chini ya rangi."

Alitoka pale akitembea wima. Ijumaa alikwenda kwa msusi. Jumamosi alikutana na Odon kwenye mkahawa wao wa siku zote, Odon akiwa na bia yake chungu na sahani ya mboga za endivu zilizoviringwa kwenye nyama ya nguruwe, akamwambia yote. Odon aliacha kutafuna.

"Wewe mwanamke unataka kunifukarisha."

"Wewe unaingiaje hapo?"

"Mimi nina kurasa sita, Wivine. Bosi alinigawia. Mke wangu na mimi tunategemea hizo tukihamia nyumba ya wazee. Ukishasema mmoja ni wako, kesho watauliza na nyingine."

"Na katika hizo sita, zangu ngapi?"

Odon alitazama endivu zake. "Mbili," alisema. "Tuseme tatu."

"Basi njoo kesho useme. Wewe ndiye shahidi niliye naye."

"Mimi niliandika viputo. Macho yangu yalikuwa kwenye viputo."

"Macho yako yalikuwa kwenye miguu yangu, miaka kumi na tisa."

Odon alicheka hadi akakohoa, kisha akaacha kucheka. Alimlipia kahawa, akamsaidia kuvaa koti, akamwambia amependeza nywele. Jumapili hakuja.

Wivine alikuja na kofia ya kijani na akakaa safu ya nne, kiti cha kando, jicho zuri likielekea jukwaani. Ukumbi ulijaa wanaume wa makamo waliokuwa watoto wakati mmoja, kila mmoja na kibao chenye namba mapajani. Saa nane na nusu namba kumi na tisa ililetwa na kusimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu, na dalali akampa nafasi mthamini. Ghislain alisimama na karatasi mkononi. Hakuitazama safu ya nne.

"Tuna nyongeza muhimu," alisoma. "Wiki hii, kwa kuupitisha ukurasa kwenye mwanga, tumegundua chini ya rangi nyeupe ya pambizo mistari ya majaribio ambayo haijawahi kuonekana na mtu. Ni mistari ya mkono wa kulia."

Wivine aliinama mbele.

"Inajulikana kwamba Novemba ile Delvigne aliumwa mkono. Sasa tunajua alivyopambana. Kabla ya kuinyesha mvua yake kuu, alijaribu mkono mwingine. Ukamshinda. Akafunika majaribio yake, akarudi kwenye mkono uleule uliokuwa ukimuuma, na akatupatia ukurasa huu. Mabibi na mabwana, hapa hatuuzi picha tu. Tunauza ujasiri wa mtu."

Ukumbi ulitoa pumzi kwa pamoja. Mzee mmoja mbele alivua miwani akaifuta. Dalali alianzia elfu themanini, na kabla Wivine hajapata kuelewa vizuri alichosikia, bei ilikuwa imevuka laki. Laki na ishirini. Laki na hamsini, kwa simu. Aligeuka kulia na kushoto kutafuta uso wa mtu aliyeshtuka kama yeye, akaona nyuso zenye machozi ya raha. Alikuwa amewapelekea kwa mikono yake ushahidi pekee aliokuwa nao, nao wakautia sukari wakaurudisha kwa marehemu.

Akasimama. Akainua mkono wa kulia juu, mkono mtupu.

"Mama wa kofia ya kijani," dalali alisema kwa uchangamfu. "Laki na sabini?"

"Si kweli," Wivine alisema, lakini sauti ilimtoka ndogo. "Si yeye aliyechora."

"Samahani, sikusikia. Una namba, mama?"

"Sina."

"Asiye na namba hatumhesabu. Mkono chini, tafadhali."

Watu wakacheka, bila ubaya, wakimcheka bibi aliyepotea njia. Mkono wa Wivine ukabaki juu kitambo, kisha ukashuka wenyewe. Ghislain alikuwa anapanga karatasi zake, amezipanga tayari mara tatu. Nyundo iligonga kwa laki mbili na elfu kumi, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Wivine alikuwa kwenye ukumbi mdogo wa nje, anahangaika na kifungo cha koti, wakati mnunuzi alipomjia. Alikuwa daktari wa meno kutoka Namur, mtu mnene mwenye mikono safi, na alikuwa ameukumbatia ukurasa kifuani katika fremu yake, uso mwekundu kwa furaha. Ghislain alikuwa nyuma yake hatua mbili. Ni wazi hakutaka wakutane, na hakuwa amejua namna ya kuzuia.

"Nimeambiwa wewe ndiye msichana wa rangi," daktari alisema. "Mama, ni heshima kubwa. Ulikuwepo siku hizo. Niambie, aliumia sana?"

Wivine alimtazama Ghislain. Macho ya Ghislain yalikuwa yanaomba, na hakuna kitu kilichomkera siku ile kuliko hicho, kwamba mtu yule alijua, alijua kabisa, na bado alikuwa anamtegemea amstahi.

"Una kalamu?" alimwuliza daktari.

Daktari alikuwa nayo, ya wino, nzuri. Wivine alifungua katalogi kwenye ukurasa mweupe wa mwisho, akailaza ubavu juu ya kaunta ya makoti, akachora. Hakuhitaji jicho. Mistari ilitoka mmoja baada ya mwingine, upesi, kwa umbali uleule, na alipoiinua katalogi mvua ya 1978 ilikuwa inanyesha pale, imeegemea upande wa bosi.

Daktari alishangaa hadi akaiweka fremu chini. "Kumbe alikufunza vizuri namna hii," alisema. "Hebu nitilie sahihi, mama. Jina lako, na chini yake uandike, mwanafunzi wa Delvigne. Nitaiweka pamoja na ukurasa."

Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba Wivine sahihi. Aliichukua tena kalamu. Akaishusha kwenye pembe ya chini, na bila kusita wala kuharakisha aliandika: Delvigne. Mkia wa g ulipinda, ukarudi, ukapita chini ya jina zima.

"Hapana, mama," daktari alicheka. "Lako."

"Ndilo nililokuwa nikiandika," Wivine alisema. "Hata hapo kwako."

Daktari aliendelea kutabasamu kidogo, kwa mazoea. Kisha akaitazama pembe ya ukurasa ndani ya kioo. Akaitazama katalogi. Akarudi kwenye kioo, akainama karibu zaidi, na kwa kidole chake safi akaufuata ule mkia, huku na huku, mara mbili. Wivine alimwona anavyoelewa. Lilikuwa jambo la kuonekana wazi, damu ilivyoshuka usoni. Na akamwona pia anavyofikia uamuzi, maana hilo halikuchukua muda mrefu.

Daktari aliung'oa ule ukurasa mweupe kutoka kwenye katalogi, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa ndani wa koti. Akaiinua fremu yake akaikumbatia tena.

"Bwana Houtart," alisema, "twende tukamalize malipo." Kisha akamgeukia Wivine, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, ile anayowapa wagonjwa. "Umechoka, mama. Nikuitie teksi?"

Wivine alisema hapana, tramu ipo.